Saa Iliyofuturisha Mtaa wa Dunda

Bismillahi. Hamed, sogeza kiti karibu na kitanda, nawe Thuwaiba kaa hapo miguuni ninapoweza kukuona uso, na mlango urudishe kidogo tu, manyunyu yasiingie lakini sauti ya msikitini ipite. Nisikilizeni, wanangu, kwa subira na bila kunikatiza, kwa kuwa pumzi niliyobaki nayo si ya kuchezea, na neno ninalotaka kuwaachia nikilikatisha katikati hakuna mwingine wa kulimaliza. Wote waliolijua pamoja nami wametangulia mbele ya haki.

Kwanza ya mali, tuyaondoe njiani. Nyumba hii, duka la nguo na shamba la Miono vitagawanywa kwa sharia, kadhi atawasomea, hapo sina langu. Saa za ukutani na za mezani mtaelewana wenyewe, ila ile yenye ndege aliyekatika mdomo msimpe fundi yeyote, maana mdomo ule nilimkata mimi mwenyewe, alikuwa akinipigia kelele. Wana wa marehemu Kibwana mshona kanzu wakija mazishini wapokeeni vizuri, wakalisheni mbele, na wala msikumbuke kwamba baba yao na mimi tulinuniana miaka minane. Tulinuniana kwa ajili ya saa, na saa yenyewe ndiyo ninayotaka kuisema.

Ingiza mkono chini ya mto, Hamed. Hicho kitambaa cha kijani, kifungue taratibu. Umeiona tangu utotoni ikitoka na kurudi sandukuni, lakini sikuwahi kukwambia uisome. Isome sasa. Saa ngapi? Kumi na mbili kamili, unasema. Haya, Thuwaiba, geuka utazame saa ya ukutani. Kumi na moja na nusu. Basi ya ukutani haina ubovu, na hiyo uliyoshika nayo haina ubovu, inatembea vizuri tangu nilipoitia ufunguo asubuhi. Mwanangu, ungekuwa na tende mkononi ungekwisha kufuturu nusu saa nzima kabla ya jua kuzama. Usicheke. Ngoja nikueleze, kisha kama utaweza kucheka utacheka.

Mimi tangu ujana nilikuwa mgonjwa wa saa, na katika mji huu wa Bagamoyo tulikuwa kumi na wawili wenye ugonjwa huo. Tulikutana kila baada ya alasiri barazani pa duka langu, hapo Dunda, kila mwenye saa mpya anaitoa kwenye kizibao, inapita mkono kwa mkono, huyu anaitia sikioni, yule anafungua kifuniko cha nyuma huku amebana pumzi asije akalipulizia vumbi lile gurudumu dogo linalotetemeka. Hatukuwa matajiri wote. Mbaruku alikuwa na biashara ya mbata, yeye alijiweza. Kibwana alikuwa na cherehani yake tu. Mzee Majaliwa sikujua alikuwa anakula nini, lakini alikuwa na saa tisa. Watu wakipita wakitucheka kwamba wanaume wazima tumekaa tunasikiliza mioyo ya vyuma. Ni kweli, tulikuwa tukisikiliza. Hata leo sijui kwa nini kitu kidogo kama kile kinampendeza mtu mmoja mpaka akose usingizi, na mwenziwe akikitazama asione hata cha kusifia.

Kulikuwa na jambo moja likinikera. Saa zote zilitoka Ulaya na zilihesabu kwa mtindo wa kwao. Sisi jua likipanda kidogo tunasema saa tatu, nazo zinaonyesha tisa. Ukiipindua mishale ifuate hesabu yetu, ukienda bomani unachekwa. Ukiiacha ifuate boma, basi kutwa unasoma tarakimu moja na kichwani unataja ya upande wa pili. Nikawaza, kwa nini mishale isikae kama ya bomani, halafu tarakimu ndizo zigeuzwe, kumi na mbili ishuke chini na sita ipande juu? Mtu wa boma akitazama mishale ataona yake, na sisi tukisoma tarakimu tutaona yetu. Nikachukua karatasi nikaichora. Nikakataza na vile vinukta vya dakika vinavyozunguka pembeni, nikasema nataka uso safi, wa kupendeza. Nilipomaliza nilijiona mimi ndiye mtu mwenye akili kuliko wote pwani hii.

Mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam akanipelekea ule mchoro Uswisi. Jibu lilikuja baada ya miezi mingi: kiwanda hakitengenezi pungufu ya saa kumi na mbili, zitakuwa za dhahabu, kila moja itaandikwa jina la Bagamoyo na namba yake ndani ya kifuniko, na zikimalizika kalibu ya uso itavunjwa, isitengenezwe nyingine tena duniani. Lah! Neno hilo la kuvunjwa kalibu lilitupanda kichwani. Kumi na mbili, nasi tuko kumi na wawili! Walioona wivu walikuwa wengi, na wenye kuuza vya wake zao ili wapate namba yao walikuwepo, sitawataja. Mimi nilichukua namba saba.

Zilifika siku ya kumi na tisa ya Ramadhani, mwaka ule ambao mfungo uliangukia kwenye masika kama huu wetu. Mvua ilikuwa haijui kukoma, jua hatukuliona tangu asubuhi. Sanduku lilishushwa barazani baada ya alasiri, na yule mfanyabiashara alikuwa amekwisha kuzitia ufunguo asubuhi ile na kuzilinganisha na saa ya boma la Dar es Salaam. Tukavua saa zetu kuukuu tukazirundika ndani ya sanduku lile lile, kila mtu akavaa mpya. Na hapo, wanangu, ndipo nilipostaajabu. Saa ni za namna moja, zimetoka mkono mmoja wa fundi mmoja, lakini hakuna wawili waliosema neno moja. Mbaruku aliibusu yake, akaapa hataitia ufunguo tena maisha yake isije ikachakaa, na kweli hakuitia, alikufa nayo imesimama pale pale ilipoishiwa. Majaliwa hakuutazama uso hata kidogo, alifungua nyuma, akaweka kioo chake cha jichoni, kisha akasema, "Moyo mzuri. Uso sijui, mimi siangaliagi uso." Kibwana aliishika, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena, akasema, "Hii saa imelala chali, Mahfoudh. Umetuagizia mgonjwa." Watu wakacheka. Mimi nikachukia, na ndiyo mwanzo wa ile minuno ya miaka minane.

Mama yenu Biubwa, Mungu amrehemu, alikuwa dirishani kwa ndani. Nilimpitishia yangu aione. Aliitazama kwa muda, mama yenu hakuwa na haraka na kitu kigeni, alipenda kukizunguka kwanza, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Bwana, mbona mshale mrefu ukisimama juu unaanzia kwenye sita? Nusu ni ipi hapa, na kamili ni ipi?" Hilo lilikuwa swali. Katika watu wote waliosema juu ya zile saa, mwenye kusifu na mwenye kukejeli, ni yeye peke yake aliyeuliza swali. Nami nikamjibu, "Hayo mambo ya wanaume," nikamnyang'anya saa yangu.

Umeelewa sasa, Hamed? Mshale mfupi niliufikiria, ule mrefu niliusahau. Saa ikitimia kamili, mshale mrefu unasimama juu kama kawaida ya saa zote, lakini pale juu mimi nimeweka sita, basi msomaji anasoma na nusu. Na ikifika nusu, mshale mrefu uko chini, penye kumi na mbili, naye anasoma kamili. Kiwanda hakikukosea. Walichora nilichochora.

Saa ya msikiti ilikuwa imesimama tangu juzi yake kwa unyevu, na fundi wake nilikuwa mimi, na sikwenda kuitazama kwa sababu nilikuwa nangoja sanduku. Basi muadhini akaja barazani kuniuliza wakati. Alikuwa ni mwalimu Mwishehe, mtu mpole, mwenye sauti ambayo watoto waliacha kucheza wakiisikia. Akasimama kwenye mvua na mwavuli wake uliochomoka mti mmoja, akasema, "Bwana Mahfoudh, saa ngapi?" Mimi, mbele ya wenzangu wote, nikafungua kifuniko kwa dole gumba, kikalia ta! nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Kumi na mbili kamili, kwa saa ya Bagamoyo." Akatazama mbinguni. Akasema, "Mbona naona kama bado mwanga upo?" Nikamwambia, "Mwanga wa mawingu huo, mwalimu. Hii imetengenezwa Uswisi." Akasema, "Haya, wewe ndiye mjuzi," akaenda akaadhini.

Ningeutazama mshale mfupi ningejua. Ulikuwa haujafika kumi na mbili, ulikuwa umesimama katikati ya njia, na mtu wa saa halisi huanza kutazama mshale mfupi. Lakini nilikuwa naitazama saa kama bwana harusi anavyomtazama bibi harusi, sikuwa naisoma.

Mtaa wa Dunda ukafuturu. Watu wameweka tende mdomoni, wamekunywa uji, wamekula mihogo ya nazi, wameswali na kukaa wakipumua, na mara mawingu yakapasuka upande wa magharibi, na jua likatokea. Jua zima, jekundu, juu ya paa za makuti. Nilimwona mzee mmoja ametoka na bakuli lake mkononi, anatafuna, akaliona, akaacha kutafuna. Hakumeza wala hakutema. Uso ule sijausahau.

Mnajua watu wanavyokuwa kwenye jambo la dini. Walimwendea Mwishehe. Wengine walilia, wengine walimtukana, mmoja aliyekuwa hajakosa siku moja ya mfungo tangu abaleghe alimshika kanzu. Naye Mwishehe alisema neno moja tu: "Nimekosea, tutailipa siku hii." Hakunitaja. Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka kwake, saa iko kwenye kizibao, naisikia inavyopiga, na hakunitaja.

Asubuhi yake alikuja dukani baada ya kuchomoza jua. Akaniamkia kana kwamba hakuna kitu, akasema, "Ile saa naomba niitazame." Nikampa. Aliizungusha, akaufuata mshale mrefu kwa kidole, akawa kama mtoto anayejifunza alifu, na mara akacheka. Wallahi alicheka, wanangu. Akasema, "Kumbe! Ni kitu kizuri sana, Bwana Mahfoudh, ila kinasema kweli kwa lugha ambayo hakuna anayeijua." Akanirudishia kwa mikono miwili. Kisha akaniuliza, "Utawaambia Ijumaa?" Nikamwambia, "Nitawaambia." Ijumaa nikakaa nyuma ya nguzo. Imamu alipomaliza aliuliza kama yuko mwenye neno. Mwishehe aligeuka akanitafuta kwa macho, akanipata, akangoja. Nikainama nikajifanya natafuta viatu.

Mtaniuliza nilichoogopa. Niliogopa kuchekwa! Hapana kingine. Niliogopa Kibwana aseme, si niliwaambia ni mgonjwa? Niliogopa wenzangu kumi na mmoja wenye saa wanijie juu kwamba nimewaagizia upuuzi wa dhahabu. Nao wenyewe walipogundua, maana katika wiki moja wote waligundua, walinyamaza vile vile, kila mmoja kwa ajili ya saa yake. Tuliojua tulikuwa kumi na wawili. Tulimwacha mtu mmoja abebe.

Wazee wa msikiti wakamwambia apumzike. Akawekwa muadhini mwingine. Na mji ukampa jina, Mwishehe Futari. Watoto wakawa wanamwita hilo jina njiani, akipita wanajitia kutafuna. Alivumilia miaka miwili kisha akahamia Vigwaza, akalima mpunga kule, na kule ndiko aliko kaburini. Binti yake Somoe alirudi kuolewa hapa, mnamjua, ndiye huyu anayepika vitumbua karibu na soko. Mnamwitaje? Thuwaiba, usiiname. Mnamwita Somoe Futari. Hata nyinyi, wanangu, ndani ya nyumba hii, mmemwita hivyo mbele yangu, nami nikala vitumbua vyake.

Nipeni maji kidogo. Mimi sina mfungo, daktari amekataza... Haya. Inatosha.

Cha ajabu ni hizo saa. Majaliwa alimpa fundi yake akapaka uso mpya juu ya ule, ikawa saa ya kawaida. Wengine wanne watano wakafanya hivyo. Moja ilizama na mwenyewe. Kibwana aliificha yake kabatini akawa anakana kwamba hakuwahi kuinunua, mpaka walipoanza kuja watu kutoka Unguja na Mombasa kuzitafuta, hapo akaivaa juu ya kanzu kila Ijumaa, akawa anawaeleza wageni jinsi alivyopenda wazo lile tangu siku ya kwanza! Maana habari ilienea kwamba ziko saa kumi na mbili za dhahabu zilizopinduliwa uso, na kwamba nyingi zimeharibiwa kwa kupakwa rangi. Basi ule ubovu wangu ndio ukawa thamani yake. Huyu bwana wa Dar es Salaam mwenye gari jeusi, aliyekuja mara tatu mwaka huu, mnadhani anataka dhahabu? Alipoishika aliipeleka mlangoni penye mwanga. Aliniambia hajapata kuona kosa zuri namna ile. Mwenziwe aliyefuatana naye akaguna, akasema yeye hata bure haichukui, saa ya kudanganya watu. Nikawatazama wote wawili nikajisemea, mmoja wenu anasema kweli, lakini sijui ni yupi. Nimeitazama miaka thelathini na tatu na bado sijui. Usiku nikikosa usingizi huitoa nikaitazama, naichukia, halafu naitia ufunguo.

Miaka thelathini na tatu, ndiyo. Nimehesabu. Ramadhani imezunguka miezi yote ya mwaka, kaskazi na kusi, kiangazi na vuli, ikarudi ilipokuwa, kwenye masika yale yale, na imenikuta kitandani. Nimeona kama imerudi kuniuliza.

Mtasema, kwa nini hukumwita Somoe ukamwambia mwenyewe? Nilimwita. Juzi. Si mlishangaa? Alikuja na ushungi wake mweusi, akaketi hapo alipokaa Thuwaiba, akanipa shikamoo, nikasema marahaba, nikafungua mdomo... nikamuuliza bei ya mchele. Akanijibu. Nikamuuliza habari za hamira. Akanijibu hilo nalo, akaniombea afueni, akaenda zake. Huyo ndiye baba yenu.

Sasa nawausia. Hamed, sogea, sauti inaniishia. Leo Alhamisi. Kesho baada ya swala ya Ijumaa, niwe hai nisiwe hai, kama ni maiti niacheni kwanza nisubiri, utasimama msikitini na hiyo saa mkononi. Usikae nyuma ya nguzo. Utasema mimi ni Hamed bin Mahfoudh, na baba yangu anasema Mwishehe hakukosea. Utawaonyesha uso wake. Waache waishike, waigeuze, waicheke, kila mtu aseme lake, wamezoea. Na wazee waliokuwepo siku ile, uwaombe wanisamehe, mmoja mmoja.

Kisha mwende wote wawili kwa Somoe. Mali ya mirathi ni ya sharia, lakini hii si yenu, hii nimeitoa kwenye theluthi yangu, nimeiusia kwake. Mpeni kwa mikono miwili. Akiiuza kwa bwana wa gari jeusi, ni yake. Akiivunja kwa mchi, msimzuie. Akitaka ikatupwe baharini, Hamed, utafuatana naye mpaka maji yafike kiunoni. Na msimweleze... msimweleze afanye nini. Ila mtazameni uso wakati anaisoma. Watu wengi wameitazama saa hii na wote nimewasikia, na huyu ambaye ningependa kumsikia kuliko wote... sitamsikia. Basi mniambie kaburini. Najua, najua. Mniambie tu.

Na jina lile lisitoke tena katika kinywa cha mtu wa nyumba hii.

Mungu awape macho ya mama yenu, awape na ujasiri ambao mimi sikuwa nao. Awajaalie riziki ya halali na... na watoto wanaouliza. Mkiulizwa na mtoto, au na mke, msiseme ni mambo ya wanaume. Amina. Semeni amina.

Mvua imekatika? Hamed, hebu sema tena nisikie utakavyosema kesho. Mwishehe... Hapana. Kwa sauti ya msikitini, baba, si ya chumbani. Tena.

Naam. Hivyo.

Tende ziko wapi? Zishikeni, lakini ngojeni. Thuwaiba, usitazame saa, mwanangu. Fungua dirisha utazame mbinguni. Jua bado lipo? Ngojeni basi... ngojeni...

Haya. Mnasikia? Anaadhini.

Futuruni, wanangu. Sasa ndiyo magharibi.